Miguu ya baridi lindoni: tafuta chanzo kabla ya kuongeza soksi

Kuanzia Juni hadi Agosti, anayelala shambani kulinda viazi na mahindi dhidi ya nguruwe pori huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Mufindi, Njombe, Makete au Uporoto, ana maadui wawili. Nguruwe huja saa nane usiku. Baridi huja saa tatu, ikianzia kwenye vidole vya miguu, na mara nyingi ikifika saa saba mlinzi ameshashindwa, amekunja blanketi amerudi nyumbani, na shamba limebaki wazi kwa mgeni wa saa nane.

Nimelinda kinyungu cha familia, yaani bustani ya bondeni, kwa misimu kadhaa. Msimu wa kwanza, kila baridi ilipozidi niliongeza soksi: jozi moja, mbili, hatimaye tatu ndani ya gambuti lile lile. Usiku wa soksi tatu ulikuwa mbaya kuliko yote. Nilikuwa nalinda na mjomba wangu, mtu aliyekaa madunguni, vibanda vya miti vya kulindia shamba, tangu ujana wake. Aliniona napigapiga miguu chini, akasema, "Mwanangu, vua nishike." Akashika soksi, akashika unyayo, akabonyeza ukucha wa kidole gumba na kumulika tochi aone damu inarudi upesi au polepole. Ilirudi polepole sana. "Kiatu kimekunyonga," akasema. "Toa mbili." Nilibaki na jozi moja, na ndani ya robo saa vidole vikaanza kuuma, yale maumivu ya damu inayorudi.

Tangu hapo kila anayeniuliza avae nini namjibu kwa swali: umeshavua ukashika?

Kwanza vua, ushike

Baada ya saa moja ya kukaa, au mara tu vidole vinapoanza kupoa, vua kiatu kimoja. Shika soksi sehemu ya vidoleni: imelowa au ni kavu? Tazama mguu: kuna mistari iliyochimbwa na kiatu au na mpira wa soksi? Linganisha kwa kiganja unyayo na sehemu ya juu ya mguu: ni upande upi umepoa zaidi? Mwisho, gusa shavu na mikono yako: baridi iko miguuni tu, au mwili mzima? Majibu hayo yanatosha kukupa chanzo, na kila chanzo kina dawa yake. Dawa ya chanzo kimoja inaweza kukuza kingine, kama zilivyofanya soksi zangu tatu.

Lazima pia kujua joto la mguu linatoka wapi. Mguu wenyewe una misuli midogo, hauzalishi joto la maana. Joto lake huletwa na damu kutoka kifuani na mapajani, na damu ikizuiwa njiani, soksi haina cha kutunza. Blanketi halimpashi joto jiwe.

Soksi imelowa, na mvua haikunyesha

Hiki ndicho chanzo nilichokikuta mara nyingi kuliko vingine vyote, na wengi hawakijui kwa sababu wanadhani maji huingia kutoka nje tu. Kutoka nyumbani hadi bondeni ni mwendo wa nusu saa. Umebeba blanketi, tochi, dumu la maji, pengine na mzigo wa kuni, na umevaa gambuti tangu mlangoni. Mpira haupitishi hewa. Miguu inatoka jasho njia nzima, nawe unafurahi kwamba ina joto. Ukishakaa, jasho lile linapoa na kubaki humo ndani pamoja nawe mpaka alfajiri.

Maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Soksi kavu kazi yake ni kunasa hewa kwenye nyuzi. Ikilowa, hewa imetoka na maji yamekalia ngozi. Kwa hiyo usivae gambuti njiani ikiwa njia inapitika. Nenda na raba au yeboyebo, gambuti uzitundike begani. Miguu ikilowa umande njiani si neno, mradi umebeba kitambaa kikavu. Ukifika, ifute mpaka katikati ya vidole, kaa dakika tano ipumue, ndipo uvae soksi kavu ulizozihifadhi ndani ya shati, karibu na tumbo. Soksi ulizoshinda nazo mchana usizivae usiku hata zikionekana kavu. Zina jasho la siku nzima.

Kama njia ni ya matope na gambuti haliepukiki, tembea bila haraka, fungua koti, na ukifika badilisha soksi kabla hujafanya jambo jingine lolote. Hata kuwasha moto kusubiri kwanza.

Aina ya soksi nayo ina neno. Pamba ikilowa imekwisha, haina joto tena. Sufu hata ikiwa na unyevu bado hutunza joto kiasi, na ndiyo maana kwa lindo naitafuta sufu. Kwenye mitumba ya Mwanjelwa au Makambako hakuna atakayekuandikia ipi ni ipi, na lebo nyingi zimeshang'oka. Nunua moja, chomoa uzi mmoja, uchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi. Uzi wa nailoni huyeyuka na kuganda kama punje ngumu. Ukikosa soksi za sufu, tafuta sweta la sufu lililochakaa: kata mikono yake, shona ncha, umepata soksi mbili ndefu za kufika gotini kwa bei ya sweta moja bovu.

Wale ambao miguu yao hutoka jasho hata wakiwa wamekaa wajaribu hivi: soksi nyembamba kwanza, juu yake mfuko wa plastiki usiotoboka, kisha soksi nene. Jasho litabaki kwenye soksi nyembamba, na ile nene, yenye kazi ya kutunza joto, itakaa kavu usiku kucha. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya mkate vinafaa. Mguu utakuwa na unyevu kidogo, na huo ndio upungufu wa njia hii. Usiitumie siku tatu mfululizo bila kuacha ngozi ikauke.

Maji ya nje ni rahisi kuyajua. Ingiza gambuti kwenye beseni la maji mdomo ukiwa juu, kunja shingo yake, bana hewa. Panapotoka mapovu ndipo penye tundu. Fundi baiskeli ataliziba kwa kiraka cha tyubu na solusheni. Na suruali usiichomeke ndani ya gambuti kwenye majani marefu: umande hushuka na kitambaa na kuishia kwenye soksi. Iache nje.

Kukausha gambuti: jaza karatasi za magazeti, badilisha kila baada ya saa mbili tatu, weka mahali penye upepo. Ukiliegesha kwenye mafiga, mpira utapasuka, na msimu ujao utakuwa unatafuta mapovu tena.

Soksi ni kavu, lakini vidole vimekufa ganzi

Hapa mara nyingi kiatu kinabana. Sindano sindano vidoleni, mistari juu ya mguu, na nafuu ya haraka ukivua, zote ni dalili za damu kuzuiwa.

Jaribu hivi nyumbani, na ufanye jioni kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana. Vaa soksi zile zile za lindo, simama juu ya kipande cha boksi kwa uzito wako wote, mtu akuchoree mguu. Kata mchoro huo uuingize ndani ya kiatu. Kingo zikikunjika, kiatu ni kidogo kwa soksi hizo, hata kama kinakutosha vizuri ukivaa soksi nyembamba za kanisani. Gambuti la lindo linunue namba moja juu ya ile unayovaa siku zote, ili vidole viweze kujikunja na kujinyoosha humo ndani.

Nafasi hiyo ina kazi kubwa kuliko kuzuia kubanwa. Mlinzi wa shamba akihisi baridi anaweza kusimama, kupiga debe, kuzunguka mpaka, na kelele zake zinamsaidia. Msasi mwenye kibali hana ruhusa hiyo. Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, wakati baridi imeshika, naye anayevizia akinyanyua mguu tu mnyama amesikia. Kinachobaki kwake ni kukunja na kukunjua vidole ndani ya kiatu na kukaza misuli ya mashavu ya miguu, mara ishirini hivi kila baada ya dakika chache. Kiatu kinachobana humnyima hata hilo.

Tazama na vizuizi vya juu zaidi. Kuna wanaofunga suruali kwa mpira wa tyubu chini ya goti ili wadudu wasipande. Kuna soksi zenye mpira mkali. Kuna kigoda chenye ukingo unaobana nyuma ya mapaja. Weka blanketi lililokunjwa juu yake, au kaa ukiwa umenyoosha miguu. Sigara na ugoro pia huwekwa kundi hili, maana tumbaku husinyaza mishipa midogo ya damu, na ya vidoleni ndiyo huanza. Anayevuta ili apate joto anajipunguzia joto hilo hilo.

Unyayo ni barafu, juu ya mguu pana nafuu

Ardhi inakunyonya. Udongo wenye unyevu hunyonya joto saa zote ulizokaa, na soli ya gambuti ni nyembamba kuliko unavyofikiri. Hapa soksi nene husaidia kidogo tu, kwa sababu chini ya unyayo uzito wako unaibonyeza, hewa inatoka.

Weka kitu kati yako na ardhi. Ndani ya kiatu, kata soli kutoka kwenye kipande cha blanketi zito au godoro la sponji lililochakaa. Boksi pia linafaa, ila hunywa jasho, hivyo kata jipya kila usiku. Kumbuka kupima tena nafasi ya vidole baada ya kuongeza soli, usije ukatibu kidonda kimoja ukafungua kingine. Nje ya kiatu, tandika mabua ya mahindi, majani makavu ya mgomba, au maranda. Sisi wa upande wa Mafinga na Sao Hill, ambako mbao zinapasuliwa kila kona, maranda tunayo kwa wingi. Tandika unene wa kiganja kilichosimama, kisha ubao juu yake.

Aliyekaa kwenye dungu la miti asijione amepona kwa kuwa hagusi ardhi. Upepo unapita chini ya fito na kufanya kazi ile ile. Tandika vilevile.

Na sasa njia ninayoithamini kuliko nyingine zote, aliyonionyesha mjomba: gunia. Chukua gunia la katani, au viroba viwili kimoja ndani ya kingine, jaza nyasi kavu au maranda mpaka nusu. Kung'uta nyasi kwanza, usilale na nyoka au siafu. Ukishakaa, vua gambuti, ingiza miguu yote miwili yenye soksi kavu ndani ya gunia, nyasi ziizunguke kila upande, vuta mdomo wa gunia mpaka magotini, funika kwa blanketi. Miguu miwili pamoja hupashana joto, hakuna kinachobana, na chini pamejaa hewa kavu. Usifunge gunia kwa kamba, na gambuti zikae mkono wa kulia, midomo imelazwa ili umande usiingie. Nguruwe wakija unatoka mara moja. Tangu nianze gunia sijawahi kurudi nyumbani kabla ya jogoo kwa sababu ya miguu.

Mikono, pua na miguu, vyote vimepoa

Tatizo si la miguu. Mwili ukipungukiwa joto kifuani, hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili kuuokoa moyo na viungo vya ndani. Hapo hata soksi za sufu za Ulaya hazitafanya kitu. Vaa mzula unaofunika masikio, funga shingo, ongeza sweta chini ya koti, zuia upepo kwa kiroba kilichokatwa matundu ya mikono ikibidi. Utashangaa miguu ikipata joto bila kuguswa.

Tumbo tupu halikai lindoni. Kula chakula kizito kabla ya kutoka, ugali na maharage au kande, na ubebe viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye kitambaa. Vinashikwa mkononi vikiwa vya moto, halafu vinaliwa.

Kuhusu pombe niseme wazi kwa sababu nimeona ikitaka kuua. Komoni au ulanzi hukupa hisia ya joto kwa kufungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu na kutupa joto lake nje. Unahisi umepata joto huku mwili unapoteza. Mwenzako akianza kutetemeka bila kukoma, kisha maneno yakawa mazito na akapunguza kutetemeka ilhali baridi ni ile ile, hajapona. Mtoe nguo mbichi, mfunike, mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anameza vizuri, mpeleke ndani ya nyumba, kisha kituo cha afya. Nguruwe wale tu viazi usiku huo.

Soksi sawa, kiatu sawa, bado bondeni hapakaliki

Hama. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu wala upepo hutiririka kutoka milimani kama maji na kutuama mabondeni, pale pale vilipo vinyungu vyetu. Ndiyo sababu jalidi, umande ulioganda, huunguza viazi vya chini na kuviacha vya ubavuni. Watu huwaza urefu wa mahali tu, kwamba kila ukipanda mita 1000 joto hushuka nyuzi 6 hivi, na ni kweli Kitulo, juu ya mita 2600, si sawa na Iringa mjini. Lakini ndani ya shamba moja mambo hugeuka: hatua thelathini kupanda ubavuni unaweza kuhisi tofauti usoni. Jenga dungu huko, mradi unaona mpaka wa shamba.

Moto upo, miguu bado

Ukikausha soksi mguuni mbele ya moto, mvuke unaingia ndani kabla ya kutoka, na kiatu kinaungua nje huku vidole vimepoa. Vua, kausha soksi pembeni. Mguu uliokufa ganzi usiuelekeze kwenye moto, kwani hauhisi kuungua. Mwenye kisukari awe mwangalifu mara mbili, maana wengine hawahisi hata kabla ya baridi. Mawe ya moto yaliyofungwa kitambaa yanafaa ndani ya gunia, lakini yasiwe ya mtoni: yana maji ndani na hupasuka motoni.

Jiko la mkaa lisiingie kwenye kibanda kilichofungwa au kilichofunikwa turubai. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na anayeivuta husinzia tu. Kila msimu wa baridi nalirudia hili kwa kila kijana anayekwenda kulinda. Jiko likae nje, upepo ukitoka kwako kwenda kwake.

Asubuhi vidole vinawasha, vimevimba

Baridi yetu mara nyingi haifiki kugandisha ngozi, isipokuwa alfajiri za jalidi kule juu. Inayotuumiza ni baridi yenye maji. Mguu uliokaa umelowa kwa saa nyingi, hata joto la nje likiwa nyuzi 15, unaweza kuharibika mishipa na neva. Askari wengi wa Vita ya Kwanza ya Dunia waliumia hivyo kwenye mahandaki yaliyojaa maji, bila ngozi kuganda.

Vivimbe vinavyowasha vidoleni saa chache baada ya kupata joto huisha vyenyewe kwa kawaida, siku chache hadi wiki mbili tatu, ukikaa mkavu na kuacha kukuna. Mguu uliopauka, uliokunjamana na kufa ganzi baada ya usiku wa maji unahitaji zaidi: osha, kausha, usisugue, inua juu ya mto, acha upate joto taratibu chumbani. Ukiwa bado porini, tumbo la mwenzako chini ya blanketi linafaa kuliko moto. Na usirudi lindoni usiku unaofuata, hata kama ni zamu yako. Omba jirani akushikie.

Malengelenge, ngozi kuwa ngumu kama nta au nyeusi, ganzi isiyoondoka mpaka jioni, au kidonda kwa mwenye kisukari: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na umweleze mganga ulikaa saa ngapi na mguu ulikuwa umelowa au mkavu.